Mlango wa Kuja na Mlango wa Kuondoka

Nyumba yangu ina milango miwili, kama nyumba nyingi za kwetu. Wa mbele una baraza. Hapo hukaa wanaume na hupokewa wageni. Wa nyuma ni wa uani, na huo ni wetu wanawake. Mimi skuli niliishia darasa la pili, nikabaki na madrasa na jembe, lakini habari ya milango sikufundishwa na mtu. Niliikuta. Na hiyo ndiyo niliyokuja kuifundisha kompyuta, itake isitake.

Nianze na njia. Miaka ya tisini kwenda mwisho, baada ya zile mvua kubwa, hoteli moja ya ufuoni kusini ya Galu iliona njia yake imeliwa na maji. Malori ya soda na ya mchanga yalikuwa yakikutana pua kwa pua katikati ya minazi. Hili halitaki kurudi, lile haliwezi, magurudumu yamezama. Basi hoteli ikapasua njia ya pili. Ile ya zamani, inayopita mbele ya baraza langu, ikawa ya kwenda pwani tu. Mpya, inayopita nyuma ya ua wangu, ikawa ya kurudi barabara kuu tu. Zikaunganishwa huko chini, kwenye uwanja wa hoteli wa kupakulia mizigo. Wakaweka mapipa yaliyopakwa nyeupe na nyekundu, na askari wa kuzuia wanaokwenda kinyume. Sisi tuliokuwa katikati hatukuulizwa. Tulibaki baina ya njia mbili kama nyama ndani ya sambusa.

Mwaka ule ule binti yangu kitinda mimba alikuja kwangu kuzaa. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huja kuzalia kwa mamake. Uchungu ulipoanza kwenda vibaya nilituma mtu akapige simu dukani, na gari la wagonjwa likatoka Ukunda. Lilikuwa gari la mradi mmoja wa akina mama, na dereva wake alikuwa mtu wa Msambweni, mtu mzima mwenye adabu zake. Akaja kwa njia ya mbele, akasimama barazani, akasalimu. Wanaume wakamkaribisha. Akakaa kumsubiri mzazi atolewe.

Lakini sisi mwanamke mwenye uchungu hatumpitishi mbele ya wanaume. Tulikuwa tumekwisha kumtoa kwa mlango wa uani, tumemzunguka na leso, tumesimama nyuma kwenye ile njia mpya tukisubiri gari. Yeye dereva, kwa adabu, hawezi kupaza sauti kuita uani. Sisi, kwa adabu, hatuwezi kutuma mwanamke barazani kuuliza. Walimpa kahawa. Akanywa. Nyumba moja baina yetu, kila upande unasubiri mwenzake.

Tulipogundua, tukampitisha ndani tena hadi mbele, tukampakia. Dereva kwa haraka akaamua kurudi alikotoka, kinyume cha njia. Akakutana na lori la mchanga. Sitaeleza sana. Tulifika Msambweni, binti yangu akapona, mtoto hakulia.

Mwaka uliofuata akashika mimba nyingine, na akaniambia maneno mawili tu. "Mama, nitazalia kwako. Na lile gari sipandi."

Nesi alikuwa amesema wazi kwamba huyu asijaribu tena kuzalia nyumbani, damu yake haikatiki upesi. Kwa hiyo mie nilikuwa na mtoto ambaye lazima apande gari, na hataki gari. Nilimgombeza. Nilimbembeleza, jambo ambalo si kawaida yangu. Hakuna. Akitazama ukuta tu.

Hapo ndipo akaja msichana wa kompyuta.

Alikuja asubuhi, kavaa suruali na kofia ya jua, mkononi ana kidude chenye antena kama redio ya mchezo. Mtu wa bara, anafanya kazi kwenye ule ule mradi wa gari. Akasimama mbele ya baraza akaniambia, "Sasa, mathe."

Nikamtazama tangu kofia mpaka viatu. "Nani huyo?"

Akacheka kwa haya. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa kaa."

Akaniambia kwamba ofisini Ukunda wana kompyuta iliyotiwa ramani ya njia zote, toka Diani hadi Msambweni. Yeye anapita nyumba kwa nyumba zenye wajawazito. Kile kidude kinazungumza na setilaiti huko juu, kinamwambia nyumba iko wapi, naye anaitia kwenye ramani. Siku simu ikipigwa, kompyuta itatoa karatasi ya kumwonyesha dereva njia ya karibu ya kuja, na ya kwenda hospitali.

"Na kile kidude hakikosei?" nikamuuliza.

"Kinakosea kidogo, bibi. Wakati mwingine kinaruka hatua mia."

"Hatua mia kwetu ni kwa jirani."

Alikuwa amesimama pale pale barazani, alipopokewa kama mgeni yeyote, na hapo ndipo alipobonyeza kidude. Nikaona. Nikakaa na lile jambo kifuani siku tatu kama mwiba wa samaki. Siku ya nne nikajifunga leso mpya, nikaenda Ukunda.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia nilipoiona ile kompyuta. Nilikuwa nimekwenda kugomba. Lakini msichana alipowasha kile kioo, nikaona pwani yetu yote imelala mle ndani: bahari upande mmoja, barabara kuu kama mshipi, kisiwa cha Chale peke yake majini, na vijia vyetu vimetawanyika kama mizizi. Nikasogeza kiti. Nikamwambia nionyeshe kwangu. Akaonyesha nukta nyekundu.

"Mbona imefungwa kamba?" Maana kutoka kwenye ile nukta kulikuwa na mstari mwembamba umekwenda mpaka njiani, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

"Nyumba haiko juu ya barabara, bibi, na gari haliwezi kutoka hewani. Kwa hiyo kompyuta inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na nyumba, inaifunga hapo. Safari inaanzia pale kamba iliposhika."

"Na imetufunga wapi?"

Tukatazama wote wawili. Njia ya mbele.

Nikamwambia aiulize jinsi ya kunitoa kwangu kwenda Msambweni. Akabonyeza. Mstari wa buluu ukatoka kwangu, ukapanda ile njia ya mbele moja kwa moja hadi barabara kuu, ukageuka kusini. Ulikuwa mzuri, umenyooka. Lakini huo ndio uamuzi ule ule wa dereva. Huko ndiko kulikokuwa na lori.

"Mashine yako inamjua askari wa pipa?"

"Askari yupi?"

Nikamweleza habari za njia ya kwenda tu na njia ya kurudi tu. Akajipiga paji la uso. Ramani waliyonunua ilikuwa ya zamani. Ile njia mpya aliichora mwenyewe, lakini hakuna aliyemwambia kwamba magari hayapishani. "Hii ni wanwei," akasema kwa Kiingereza, yaani njia ya upande mmoja, na akaanza kutia mishale midogo, ya mbele ikielekea baharini, ya nyuma ikielekea barabara kuu. Nikamsimamia, nikimwonyesha kwa kidole mahali mapipa yalipo. Akabonyeza tena.

Mstari wa buluu safari hii ulitoka mbele ya nyumba, ukateremka pwani, ukazunguka uwanja wa hoteli, ukapanda kwa njia ya nyuma, ukapita hatua chache tu kutoka mlango wangu wa uani, ndipo ukaenda zake.

"Sasa ni sahihi, bibi. Ndefu, lakini halali."

"Halali kwa nani? Huko chini kuna mashimo ya kuzamisha punda, na malori yanapanga foleni ya kupakua. Mtamzungusha mzazi huko kote, halafu mtampitisha kwenye mlango ambao angetoka kwa miguu yake?"

Akatazama kioo, akanitazama mimi. Nami ndipo nikasema lile neno, bila kujua kama ni la maana. Nikasema, "Mwanangu, nyumba yangu ina milango miwili. Kwa nini umeifunga kamba moja?"

Aliinuka kwenye kiti. Wallahi aliinuka. Akaanza kutembea mle ofisini, mkono kichwani, akizungumza nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Nikamwambia aseme nami. "Bibi, mlango wa kuja na mlango wa kuondoka! Gari linafika mbele, linamshusha nesi, nesi anaingia ndani. Halafu gari linaendelea tupu. Linazunguka huko chini peke yake, mashimo yake, foleni yake. Nyinyi mnamtoa mama polepole kwa nyuma. Linawakuta pale."

"Mzazi hazunguki," nikasema.

"Mzazi hazunguki hata hatua moja."

Sasa sote tulikuwa wima. Kompyuta hiyo hata haijajua.

Kumbe kuijulisha kulikuwa na kazi. Ile programu ilikubali nyumba moja nukta moja. Akaidanganya: akaandika nyumba yangu mara mbili, moja akaiita Kuja na nyingine Kuondoka. Kwa nukta ya Kuondoka tukarudi naye kwangu, akakibonyeza kidude uani, tukaenda tena ofisini akaitia kwenye ramani. Akabonyeza, na ile mashine ikafunga zote mbili kwenye njia ya mbele. Mbuzi wawili, mti mmoja.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kidude. Uani kwako kinasema uko huku," akaonyesha, na kweli kidude kiliona ua wangu uko upande wa mbele wa nyumba, karibu na baraza. Njia zenyewe zimekaribiana, kikiteleza kidogo tu kinavuka nyumba nzima. "Kompyuta inachagua iliyo karibu. Haijui mlango unatazama wapi."

"Basi isichague. Mbuzi humwachii achague mti. Mfunge kwa mkono wako."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaiondoa ile kamba, akaishika nukta ya Kuondoka, akaifunga mwenyewe kwenye njia ya nyuma. Akabonyeza. Mstari ukatoka uani, ukapanda juu, ukaingia barabara kuu. Mfupi. Safi. Niliugusa kwenye kioo kwa kidole na kioo kikanipiga cheche kidogo, nikasema bismillahi, na nikaugusa tena.

Kazi ya karatasi imekwisha, lakini binti yangu hapandi karatasi. Nikamwambia msichana kwamba tutafanya jaribio, na yeye atazame kwa macho yake. Dereva akaja Jumanne, yule yule wa mwaka uliopita. Hakuthubutu kunitazama. Nikamwambia, "Leo hukaribishwi kahawa. Ukikaa barazani nakumwagia."

"Sikai, bibi."

Mzazi wa jaribio nilikuwa mimi. Binti yangu alikataa hata kutoka chumbani. Nikajifunga mto tumboni, nikalala kitandani. Gari likaja mbele, nesi akashuka na mfuko wake, akaingia. Nikasikia gari likiteremka. Wanawake wawili wakanishika mikono, tukatoka uani polepole kama inavyotakiwa. Tukafika njiani. Gari hakuna.

Tukasubiri. Jua kali. Jirani yangu, mke wa fundi makuti, akapita na ndoo kichwani, akasimama. "Ee mwenzangu. Umri huo?"

"Pita zako."

"Napita. Lakini baba yake ni nani?"

Hata nesi alicheka. Mimi nilikuwa nimeanza kukasirika, maana gari lilikuwa bado. Kumbe kule chini foleni ya malori ilikuwa imeziba uwanja wote. Dereva alipofika alikuwa ameloa jasho. "Bibi, mimba ya miezi mingapi?" akaniuliza kupitia dirisha, akidhani nitacheka.

"Miezi tisa na siku zote hizi nilizokusubiri. Mwaka jana nilipomtoa binti yangu kwa uani ulikuwa wapi?"

Msichana wa kompyuta hakucheka pia. Alikuwa ameandika kila kitu daftarini. Akasema mshale ni sahihi, kamba ni sahihi, lakini ramani haijui foleni. Tukaenda wote watatu mpaka kwa askari wa hoteli, kijana wa Kwale aliyemjua marehemu mume wangu. Nikamweleza mimi mwenyewe. Nikamwambia, sikuombi ufungue njia kinyume. Njia yenu ni yenu. Nakuomba ukiona gari lile linateremka tupu, uyazuie malori mlangoni mwa uwanja, lipite kwanza. Akasema lazima amuulize mkubwa wake. Nikakaa juu ya pipa lake nikamngojea aulize. Alirudi amekubali, nadhani kwa sababu sikuwa nimeinuka.

Tukarudia jaribio siku hiyo hiyo, mto tumboni tena. Safari hii nilipotoka uani sikusubiri hata kumaliza ayatul kursii. Pua ya gari ikatokea baina ya minazi, na dereva ameng'ang'ania usukani kama anamchunga ng'ombe mkorofi. Nilipiga kigelegele kabla sijajua nimepiga. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mkono tumboni, anatazama. Amekuwa hapo muda gani sijui.

Nikamwambia, "Umeona?"

Akarudi chumbani. Usiku wakati wa chakula akaniuliza tu, "Ile kamba uliyoniambia, aliifunga kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Mimi nimesimama."

Akaendelea kula. Nilikuwa nimemzaa mimi, nilijua hilo ni jibu.

Siku yenyewe ilikuja baada ya adhuhuri, wakati wanaume wametoka msikitini na wamejaa barazani. Niliona uso wake, nikatuma mtu dukani kabla hajasema. Kisha nikaenda barazani, jambo nisilolifanya, nikawaambia wanaume: gari likija, mtu asimkaribishe dereva. Asipewe salamu. Mzee mmoja akasema, "Hata salamu?" Nikasema, "Mtamsalimu kesho."

Gari likafika. Nikasikia breki, mlango, viatu vya nesi vinaingia mbio. Nje barazani, kimya, nilivyowaagiza. Kisha injini ikaondoka kuteremka. Binti yangu alinishika kifundo cha mkono mpaka kucha zikaingia. "Linaenda, mama. Linaenda."

"Linakuja. Hiyo ndiyo njia yake ya kuja. Twende."

Tukatoka uani. Nilikuwa nimeupima ule mwendo kwa miguu yangu mara nyingi, kutoka kitanda hadi njia, na sasa kila hatua yake nilikuwa naitaja kimoyomoyo. Hapa kizingiti. Hapa jiwe la kusagia. Hapa mpapai. Tulipofika kwenye mpapai nikasikia filimbi ya askari huko chini, ndefu, mara mbili. Nikajua malori yamesimama.

Tukaukanyaga mchanga wa njia, na gari likawa hapo. Halikutungojea wala hatukulingojea. Binti yangu aliupanda ule mlango mwenyewe, hakushikwa.

Nikakaa naye nyuma. Gari likapanda moja kwa moja, pipa la juu likasogezwa kabla hatujalifikia, tukaingia barabara kuu, tukageuka kusini. Nilitoa kichwa dirishani kama mtoto. Vibanda vya mihogo, mikorosho, watu wanarudi na majembe, vyote vikipita, na mie moyo unanidunda kwa furaha na hofu vikiwa kitu kimoja. Msambweni tukaingia jua bado liko juu.

Alizaa kabla ya alasiri. Damu ilikuja kama nesi alivyosema, na walikuwa pale wa kuizuia. Mtoto wa kike. Alilia hata watu wa wodi ya pili wakauliza ni nani anayegomba.

Msichana wa kompyuta alikuja hospitali kesho yake na daftari lake, akataka nimweleze kila kituo. Nikamweleza. Akaniambia kwamba nyumba zote za baina ya njia zile mbili sasa amezipa nukta mbili mbili, na kila kamba ameifunga kwa mkono. Nikamuuliza, aliposimama kwenye nyumba hizo, alipiga hodi upande gani?

"Pande zote mbili, bibi. Mbele kwanza, halafu uani."

"Sasa umeanza kusoma."

Walipomrudisha binti yangu na mwanawe, dereva alikuja kwa njia ya kwenda, kama mgeni yeyote, akasimama mbele. Wanaume wakainuka. Mtoto akaingizwa kwa mlango wa mbele, maana ndiyo mara yake ya kwanza. Dereva akabaki amesimama kando ya gari, anashika funguo, hajui la kufanya.

Nikamwambia, "Kaa. Leo kahawa ipo."